Mzee wa reli, mtoto mwenye pumu na treni ya mvuke ya Yorkshire: twende au tusiende?

*"Naishi Leeds na familia yangu. Baba, mwenye miaka 76, anakuja kututembelea kutoka Mombasa mwezi wa Julai. Ujanani alikuwa fayamani, yaani mtunza moto wa injini, kwenye treni za mvuke za Mombasa–Nairobi, na nataka kumpeleka kwenye ile reli ya zamani ya Pickering, siku nzima bila haraka. Lakini mwanangu wa miaka minane ana pumu. Mke wangu anaogopa boila za zamani zisije zikalipuka. Goti la mzee haliwezi ngazi nyingi. Na rafiki yangu anasema siku hizi wanafunga injini ya dizeli na kukulipisha bei ileile. Twende au tutafute kitu kingine? Tukienda, tukae behewa gani na tushuke wapi?"*

Kwanza mfikishie mzee shikamoo yangu. Jibu langu ni nendeni, na hata pumu ya mtoto haitazuia safari hii ikiwa imetulia na mmejiandaa. Ila mambo matatu yataamua kama siku itakuwa nzuri au itawachosha bure: siku mtakayoichagua, behewa mtakalokaa, na kujua mapema kwamba sehemu tamu ya njia hii iko wakati wa kurudi. Wengi wanaoanzia Pickering hutazama nje kwa hamu wakati wa kwenda, kisha husinzia wakati wa kurudi, na hapo ndipo injini inapofanya kazi yake kubwa.

Nianze na rafiki yako, kwa sababu ana nusu ya ukweli. Reli ya North Yorkshire Moors, ndiyo hiyo ya Pickering, inapita katikati ya nyika yenye vichaka vifupi na udongo wa mboji, na mboji ikikauka hushika moto hadi chini ya ardhi. Injini ya makaa ya mawe hutupa cheche kupitia dohani, na nyingine huponyoka kwenye sanduku la majivu lililo chini ya tanuri. Kiangazi kikiwa kikavu, wasimamizi huondoa injini za mvuke kwa siku kadhaa na kutumia dizeli, kwa kuwa moto mmoja unaweza kuteketeza eneo kubwa sana. Hakuna udanganyifu hapo, na ningewalaumu kama wasingefanya hivyo. Tena hata siku za kawaida baadhi ya safari huvutwa na dizeli, na ratiba huonyesha ipi ni ipi. Kwa hiyo usinunue tiketi ya "treni ya asubuhi" kwa kubahatisha. Tazama ratiba ya siku yenyewe, chagua safari zilizoandikwa kuwa za mvuke, kisha angalia tangazo la reli jioni iliyotangulia na tena asubuhi kabla ya kuondoka nyumbani. Kama mzee atakuwapo hadi Septemba, ningesogeza safari mwezi huo, kwani hatari ya moto hupungua na hewa huwa ya ubaridi kiasi, hivyo mvuke huonekana vizuri zaidi. Kama ana Julai tu, msijifunge na tarehe moja. Ulizeni masharti ya kubadilisha tiketi kabla ya kulipa, na mkipata wiki iliyotanguliwa na mvua, hiyo ndiyo yenu.

Sasa boila. Hofu ya mke wako ina msingi katika historia, maana karne ya 19 boila zililipuka kweli. Lakini kinacholipua boila si uzee peke yake. Tanuri la injini ni sanduku la chuma au shaba lililozungukwa na maji pande zote na juu. Moto unaligusa kutoka ndani, maji yanalipoza kutoka nje, na maadamu maji yamefunika paa la tanuri, chuma hakipati joto la kukilegeza. Hatari huja maji yakishuka chini ya paa hilo, kwa sababu chuma kikiwa chekundu hakihimili tena shinikizo, ambalo kwenye injini za Uingereza za miaka ya 1930 na 1940 hufika takriban bar 15, yaani karibu mara 15 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Ndiyo maana fayamani hutupia jicho vioo vya kupimia maji kila baada ya muda mfupi, na ana njia mbili tofauti za kuingiza maji kwenye boila, moja ikigoma atumie nyingine. Zaidi ya hapo, kwenye paa la tanuri huwa na plagi zenye kiini cha madini ya risasi, yanayoyeyuka upesi. Maji yakipungua kupita kiasi, risasi huyeyuka na mvuke kuingia tanurini kwa kishindo ili wahudumu wajue mara moja na kuua moto. Shinikizo nalo likipita kiwango, vali za usalama hufunguka zenyewe.

Mwambie mtoto mapema kuhusu hizo vali. Zikifunguka stesheni hutoa mngurumo mkali wa ghafla, na watoto wengi hudhani ndiyo mlipuko wenyewe. Ni dalili kwamba kifaa kinafanya kazi.

Ukaguzi nao ni wa kweli. Boila ya injini kama hii hukaguliwa kila mwaka na mkaguzi anayejitegemea, na kila baada ya takriban miaka 10 hufunguliwa, mabomba yake yote ya ndani hutolewa, na sahani za chuma hupimwa unene. Injini isiyofaulu husimamishwa, na nyingine husubiri miaka mingi hadi fedha za matengenezo zipatikane. Sehemu kubwa ya nauli yenu inakwenda huko, na inakwenda kwenye makaa pia, ambayo Uingereza sasa inalazimika kuagiza kutoka nje.

Kuhusu mzee, kuna jambo ambalo pengine hukulifikiria. Injini kubwa za Mombasa–Nairobi za wakati wake, zile za daraja la 59 zilizopewa majina ya milima, zilikuwa za kuchoma mafuta mazito. Zilikuwa 34, zilitengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock mjini Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja ikiwa na tani 252, boila katikati na seti mbili za magurudumu ya kuendesha, moja mbele na moja nyuma. Fayamani wake alisimamia vali za mafuta na mvuke, akilinda rangi ya moshi. Injini za Yorkshire ni ndogo zaidi, na fayamani wake anashika koleo. Kwa hiyo usimwambie "baba, utaona injini kama zako." Mwambie ataona kazi yake ikifanywa kwa njia nyingine, na umwache yeye aeleze tofauti. Reli yenyewe pia ni pana kuliko aliyoizoea, milimita 1,435 badala ya mita moja. Na kama hajaziona siku nyingi, mojawapo, Mount Gelai namba 5918, iko kwenye jumba la makumbusho la reli Nairobi. Mjukuu akiwahi kwenda Kenya, hiyo ndiyo ya kumwonyesha.

Sasa nieleze mwinuko, kwa sababu ndio utakaoamua mpango wenu wa siku.

Njia kati ya Pickering na Grosmont ni maili 18, yaani kilomita 29. Ilifunguliwa mwaka 1836 kwa mabehewa ya kukokotwa na farasi, chini ya usanifu wa mhandisi wa reli George Stephenson, ikafungwa mwaka 1965 na kurudishwa na watu wa kujitolea mwaka 1973. Kutoka Pickering inapanda polepole ndani ya Newtondale, bonde jembamba lenye kuta kali lililochimbwa na maji ya barafu iliyoyeyuka zamani. Baada ya kilele inateremka kwa nguvu kupita Goathland hadi Grosmont. Kwa hiyo kwenda kaskazini, injini inashuka sehemu hiyo karibu kimya. Kurudi kusini, inatoka Grosmont na kukabili mwinuko wa 1 kwa 49, yaani kila mita 49 za mbele inapanda mita moja. Kwa masikio yasiyozoea hiyo ni ndogo. Kwa treni si ndogo hata kidogo. Mabehewa saba ya chuma yana takriban tani 240, na kwenye mwinuko huo karibu tani 5 za uzito wake zinavuta kurudi nyuma muda wote, mbali na uzito wa injini yenyewe.

Hapo ndipo mtasikia injini ya mvuke ikifanya kazi. Mvuke ukishasukuma pistoni hautupwi hivi hivi, bali hupitishwa kwenye mdomo mwembamba chini ya dohani na kuruka juu kwa kasi. Ukiruka, huvuta hewa ya moto kutoka tanurini kupitia mabomba ya boila, na hewa mpya huingia chini ya makaa, kama mvukuto wa mhunzi. Kadiri injini inavyojitahidi, ndivyo inavyopuliza moto wake yenyewe. Silinda mbili zinazosukumwa pande zote mbili hutoa mapigo manne kwa kila mzunguko wa gurudumu. Kwenye tambarare mapigo huungana yakawa mfululizo, lakini kwenye mwinuko huu, treni ikienda taratibu, mtoto anaweza kuyahesabu moja moja. Kukiwa na mvua mtasikia ghafla mapigo yakikimbilia pamoja: magurudumu yameteleza. Dereva atapunguza mvuke na kumwaga mchanga relini mbele ya magurudumu, kisha mapigo yatarudi. Mzee atakuwa ameshajua kilichotokea kabla yenu.

Sehemu hiyohiyo, kwa bahati mbaya, ndiyo yenye moshi mwingi, na hapa tuzungumze kuhusu mtoto. Watu huona wingu jeupe wakaogopa, lakini jeupe karibu lote ni mvuke uliopoa na kugeuka matone. Linaloudhi mapafu ni moshi wa kijivu au mweusi, ambao ni makaa yasiyoungua vizuri, pamoja na gesi ya salfa ambayo huioni lakini unainusa kama kiberiti kilichowashwa. Vyote viwili vinaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu. Habari njema ni kwamba moshi hutawanyika haraka, na mtu aliyekaa behewa la mwisho, madirisha yakiwa yamefungwa, hukutana na kiasi kidogo sana ukilinganisha na aliyetoa kichwa nje behewa la kwanza. Penye kuhitaji uangalifu zaidi ni mahandaki, na mojawapo liko palepale mnapotoka Grosmont kwenda kusini. Injini huingia ndani ikiwa ndiyo inaanza kuvuta kwa nguvu, na moshi unakosa pa kwenda. Fungeni madirisha kabla treni haijaondoka, msingoje kuona giza. Pia mtoto asisimame juu ya daraja la miguu la stesheni injini ikipita chini yake, ingawa ndipo kila mtoto anapotaka kusimama.

Kabla ya kukata tiketi, zungumzeni na muuguzi wa pumu au daktari wenu. Hili siwezi kuwaamulia kwa maandishi, kwa sababu sijui pumu yake ikoje. Kama katika wiki za karibuni amekuwa akikohoa usiku, akitumia pampu ya kutuliza mara kwa mara, au ametoka kumaliza vidonge vya steroidi, ningeahirisha. Julai pia ni msimu wa chavua ya nyasi, na kwa watoto wengine chavua huwasumbua kuliko moshi. Siku ya safari atumie dawa yake ya kinga kama kawaida, na pampu ya kutuliza na chemba yake (bomba la plastiki la kuvutia dawa) viwe mkononi mwako, si kwenye begi lililoachwa garini. Akianza kubanwa, fuateni mpango wa maandishi mliopewa na kliniki na umwite gadi, msimamizi wa treni, mara moja, kwa kuwa mtandao wa simu ni hafifu sehemu za bonde. Asipoweza kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, au pampu isiposaidia, hiyo ni 999, msisubiri stesheni inayofuata kuona kama atatulia.

Mnakaa wapi basi? Hapa mahitaji ya mzee na ya mtoto yanapingana, na suluhisho langu ni kugawana. Mzee na wewe mkae behewa la kwanza au la pili kutoka kwenye injini wakati wa kupanda kutoka Grosmont. Mtoto na mama yake wakae la mwisho. Lakini angalieni: mwisho wa njia injini hufunguliwa, hupita reli ya pembeni na kufungwa upande wa pili. Behewa lililokuwa la mwisho asubuhi linakuwa la kwanza mchana. Watu hukata viti vilevile vya kwenda na kurudi wakidhani wamejiepusha na moshi, kumbe wamejiweka chini ya dohani. Mkipiga simu kukata tiketi, msiulize "behewa A liko mbele?" Ulizeni injini itakuwa upande gani *wakati wa kutoka Grosmont kuelekea Pickering* kwa safari mnayoitaka.

Mabehewa mengi ni ya miaka ya 1950 na 1960. Milango yake ni mizito na ya kufungwa kwa mkono. Kwa ile inayofunguliwa kwa kitasa cha nje, unashusha dirisha, unatoa mkono na kuzungusha. Treni iwe imesimama kabisa, na uhakikishe jukwaa liko upande huo. Kichwa kibaki ndani wakati wote, hata kwa ajili ya picha, kwa kuwa matawi na kuta za madaraja ziko karibu kuliko zinavyoonekana.

Kwa goti la mzee, kikwazo ni hatua ya juu kutoka jukwaani hadi behewani pamoja na pengo lililopo katikati. Wafanyakazi wana mbao za kuegemeza na kuna mabehewa yenye nafasi ya kiti cha magurudumu, lakini nafasi ni chache na lazima ziombwe mapema. Piga simu, usitegemee fomu ya mtandaoni. Sema wazi: anaweza kupanda hatua moja ya juu akishikwa mkono, au hawezi kabisa? Majibu hayo mawili yanapelekea mabehewa tofauti. Kama hawezi, waulize pia kuhusu kuvuka njia kwenye kila stesheni mnayotaka kushuka, maana baadhi ya majukwaa yameunganishwa kwa daraja lenye ngazi.

Mpango wa siku, kwa familia yenu, ningeufanya hivi. Kutoka Leeds hadi Pickering kwa gari ni kama saa moja na nusu. Fikeni dakika 45 kabla, mtumie choo cha stesheni, na mzee apelekwe kwanza kuangalia injini. Nauli iwe ya kutwa inayoruhusu kushuka na kupanda tena, na hilo mlihakikishe kabla ya kulipa, kwa sababu si kila tiketi inaruhusu. Nendeni moja kwa moja hadi Grosmont, safari ya zaidi ya saa moja kidogo, kwa kuwa mwendo wa juu kwenye reli kama hizi ni maili 25 kwa saa. Hapo acheni treni moja ipite. Pembeni ya handaki la treni kuna handaki dogo la awali, lile la enzi za farasi, ambalo sasa ni njia ya miguu inayofika kwenye karakana ya injini. Ni la mita zaidi kidogo ya 100. Kwa mzee wenu, karakana hiyo inastahili muda mrefu kuliko kitu kingine chochote siku hiyo.

Kisha pandeni treni ya kurudi, msikie mwinuko, mshuke Goathland kwa chai. Stesheni hii ndiyo iliyotumika kama stesheni ya Hogsmeade, kijiji cha wachawi, kwenye filamu ya kwanza ya Harry Potter, na mtoto huenda akalitaka hilo kuliko boila zote. Mgahawa uko stesheni penyewe. Kijiji kiko juu ya kilima kikali, na maporomoko ya Mallyan Spout yanafikiwa kwa njia ya mawe yanayoteleza. Mzee asiende huko kwa goti hilo. Pandeni treni inayofuata hadi Pickering, na msiache iwe ya mwisho ya siku, ili ikichelewa bado mna nyingine.

Whitby je? Baadhi ya treni huendelea maili 6 zaidi hadi bandarini, na ni mji mzuri wa pwani ambao mtu wa Mombasa ataupenda. Lakini kwenda hadi huko kunaongeza muda mrefu wa kukaa, mnapata muda mfupi tu mjini, na mnapoteza Grosmont. Kwa familia yenye watu wazima wenye miguu mizima ningesema Whitby. Kwa ninyi, hapana, uwekeni kwa siku nyingine na mwende kwa gari. Na mkienda, kama mnakula halali, ulizeni samaki wamekaangwa kwa mafuta gani kabla ya kuagiza. Yorkshire wengi hukaangia mafuta ya ng'ombe, na bango la nje halisemi.

Chakula cha treni bebeni wenyewe. Mzee asivae kanzu nyeupe, maana masizi hutua bila kuonekana na ukiyapangusa kwa mkono yanaingia kwenye uzi. Yakung'uteni kwanza. Chembe ikiingia jichoni, msisugue. Osheni kwa maji safi mengi, na ikiendelea kukwaruza baada ya saa chache jicho lionwe na daktari wa macho au hospitali.

Mwisho, kuhusu kumfikisha mzee karibu na wenzake. Msimpandishe kwenye injini bila kualikwa, na msiwasemeshe wahudumu dakika za mwisho kabla ya kuondoka, kwani hapo fayamani anajenga moto na kuangalia maji. Wakati mzuri ni Pickering mwisho wa safari, injini ikishafunguliwa au ikisubiri zamu. Nenda wewe kwanza, useme kwa kifupi: "Baba yangu alikuwa fayamani kwenye injini za daraja la 59 huko Kenya." Wengi wao ni watu wa kujitolea waliosoma habari za injini hizo na hawajawahi kukutana na aliyezifanyia kazi. Kisha rudi nyuma, umwache azungumze.